Namba Tu, Mama

Hakuna swali jepesi kama "umeleta kilo ngapi?" mpaka uje uliulize Mbaha, kijijini kwetu kando ya Ziwa Nyasa, asubuhi, usipa, dagaa wetu, wakiwa wanashushwa mtumbwini na kila mtu ana haraka ya kuwahi gari. Utajibiwa "kama za jana." Utajibiwa "sado nne, ila moja haikujaa vizuri." Utajibiwa "si unaziona?" Na yupo mama mmoja, mtu wa heshima zake, ambaye siku zote jibu lake ni "nyingi, Mungu ametujalia." Mdomoni majibu haya hayana ubaya wowote. Balaa linaanza yanapoandikwa kwenye kompyuta.

Kikundi chetu cha wauza dagaa kina kompyuta mpakato ya mitumba. Windows ilishaishindwa, ikawekewa Linux, na kijana mmoja wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akatuandikia skripti ya Bash, lugha ya amri za Linux, ya kutunza mahesabu. Skripti yenyewe ilikuwa fupi kama salamu ya mtu anayekudai: inauliza, inapokea, inaandika kwenye faili. Ukijibu 12, inaandika 12. Ukijibu "ndiyo", inaandika "ndiyo". Kijana alikuwa na imani kubwa sana na binadamu. Akapiga picha na mwenyekiti, akapanda gari, akaenda kuhitimu.

Wakati ule mhasibu ndiye aliyekuwa akiandika, na kwa kuwa ni mtu wa tarakimu mambo yalikwenda. Ukazuka mzozo wa daftari, kama unavyozuka kila penye fedha na daftari, mwenyekiti akatoa amri: kuanzia leo kila mwanachama akae mbele ya kompyuta aandike mwenyewe, kwa ajili ya uwazi. Uwazi ni kitu kizuri sana ukiwa unakaa mbali nao.

Mwisho wa mwezi mama wa "nyingi" akalipwa sufuri.

Msicheke. Bash ndivyo ilivyo. Ikikutana na neno mahali inapotegemea namba ya kujumlisha, hailalamiki. Inadhani neno hilo ni jina la kisanduku chenye namba ndani, inakwenda kukitafuta, na isipokiona inahesabu sufuri na kuendelea na safari. "Nyingi" ikawa sufuri. Mama alipouliza, mhasibu akamwonyesha kioo: umeandika mwenyewe. Ugomvi uliofuata ulisikika mpaka kwa wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, na ndipo lilipotajwa jina langu, kwa sababu eti mimi navaa miwani na niliwahi kuishi Songea.

Nikatia kitanzi. Kwa wasiojua mambo haya, ni mistari hii tu:

while true; do
  read -r -p "Umeleta kilo ngapi? " kilo
  [[ $kilo =~ ^[0-9]+$ ]] && break
  echo "Jibu si sahihi. Rudia."
done

Maana yake: uliza, jibu likiwa tarakimu tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, toka kwenye kitanzi, lisipokuwa hivyo, mwambie kakosea umuulize tena, hata kama mtakesha. Yaani ni karani wa mizani ya kahawa kule Mbinga: hacheki, haulizi watoto wanaendeleaje, na gunia halipiti mpaka sindano itulie.

Wa kwanza kukaa alikuwa mama mkwe wangu. Akaandika "sado tatu". Kioo kikamjibu: Jibu si sahihi. Rudia. Mama hakukitazama kioo, alinitazama mimi. "Wewe ndiye uliyeifundisha kunijibu hivi?" Ukoo mzima ulilijadili jambo hilo jioni ile. Nikabadilisha ujumbe: "Samahani mama, naomba namba tu." Heshima ikarudi kwetu, lakini wanaume wa kikundi wakanuna kwa kuitwa mama mbele za watu. Nikaondoa "mama". Mama mkwe akasema sasa hata salamu hakuna, mtu mzima anakaa tu anaulizwa kilo. Nikaongeza "Shikamoo" mwanzoni mwa swali.

Akaandika "Marahaba". Kwenye nafasi ya kilo. Kitanzi kikamkatalia.

Kati ya wote waliokaa kwenye kile kiti, aliyeifurahia shikamoo ile ni binti mmoja mdogo kuliko wanachama wote. Alirudi mara tatu kusajili dagaa walewale ili aamkiwe.

Mnadhani tarakimu zikishapatikana kazi imekwisha. Nusu mnaiweka wapi? Mizani ikisema kilo tatu na nusu, mtu anaandika 3.5, au 3,5 kama alisoma zamani, au "3 na nusu" kama ana moyo safi. Bash haijui nusu. Hesabu zake ni za namba nzima tu, na tangu Brian Fox alipoitoa mwaka 1989 haijaonyesha dalili ya kujirekebisha. Njia ipo: unaruhusu nukta kwenye sharti, kisha hesabu yenyewe unamkabidhi awk, programu nyingine, ambaye nukta hazimsumbui. Nikalieleza jambo hili kwenye mkutano, kwa upole kabisa. Mwanachama mmoja akanyoosha mkono na kuuliza huyo awk ni nani, amechaguliwa lini, na nusu zetu anazipeleka wapi. Hoja ikaingizwa kwenye muhtasari.

Upande wa vijiji ndiko kijana wetu wa chuo alikotuachia mabomu. Alikuwa ameweka sharti la kulinganisha jina la kijiji na Mbaha, ili watu wa nje ya kijiji wakatwe ushuru tofauti kidogo. Mbaha ikapita. Lundu ikapita. Liuli ikapita. Alipofika mfanyabiashara wa Mbamba Bay, programu ikalalamika palepale, kwa sababu jina la kwao lina nafasi katikati, na kijana hakulizungushia alama za kunukuu. Bila alama hizo Bash inaona vitu viwili mahali pa kimoja, inashindwa kulinganisha, na malalamiko yake kwa Kiswahili chetu yanakuwa hivi: hoja zimezidi. Watu wanaowafahamu wenzetu wa Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya, wamesema mashine haikukosea. Wa Ng'ombo nao wakakwama, maana sharti jingine lilitaka herufi tupu na ile alama ndogo ya ng' si herufi. Mtu anakataliwa kijiji chake na kompyuta isiyomjua hata mjumbe wake wa nyumba kumi.

Lakini kichaa chenyewe kilikuwa kwenye tarehe za kuzaliwa, na hapa naomba subira.

Tulitaka kila mwanachama aandike namba yake ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wengine huiandika na vistari kama ilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, wengine bila vistari, na mmoja aliipiga picha kwa simu akanionyesha picha. Vistari si ugomvi. Unavifuta kimyakimya kabla ya kuhakiki, na ningependa wote wanaotunga fomu nchi hii walijue hilo, badala ya kumfokea mtu kwa kistari ambacho serikali yenyewe imemchapia. Baada ya hapo nikachukua mwezi na kuuliza kama haujazidi 12.

Januari hadi Julai wakapita. Oktoba hadi Desemba wakapita. Waliozaliwa Agosti na Septemba wote wakarudishwa.

Nilidhani ni ubovu wa kitufe. Kumbe ndani ya mabano ya hesabu, Bash ikiona namba imeanza na sufuri inaihesabu kwa nane badala ya kumi, mila iliyorithiwa kutoka lugha ya C ya miaka ya 1970. Na ukihesabu kwa nane tarakimu zako ni sufuri mpaka saba, basi. Nane haipo. Tisa haipo. Kwa hiyo 07 ni halali, 10 ni halali kwa kuwa haikuanza na sufuri, ila 08 na 09 ni matusi. Mkulima mmoja mwenye shamba la mihogo, aliyezaliwa tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane ambayo nchi nzima inamsherehekea kwa maonyesho, akaambiwa na kompyuta ya kikundi chake kwamba nane ni namba isiyojulikana. Na yeye anazo mbili.

Dawa ni kuandika 10# mbele ya mwezi, ili Bash ilazimike kuhesabu kwa kumi kama watu wengine. Alama tatu tu. Wa kukupeleka kwenye alama hizo hakuna. Unazipata usiku wa manane, ukiwa umeshakorofishana na kila aliyezaliwa kiangazi.

Kisha akaja mzee wetu, mkubwa kuliko wote kikundini, asiye na kitambulisho mfukoni siku hiyo. Mwaka wa kuzaliwa? "Mwaka Viphya ilipozama." Kitanzi kikakataa, kinataka tarakimu nne. Mzee akarudia kwa sauti, kama vile kompyuta ni kiziwi. "Mwaka Viphya ilipozama. Muulize yeyote." Na kweli, meli ya Viphya ilizama ziwani humu tarehe 30 Julai 1946, na jibu lake lilikuwa na uhakika kuliko majibu ya wengi wetu tulioandikiwa 1 Januari na karani aliyekuwa amechoka. Nikamwandikia 1946. Hakuridhika. Akataka na marehemu baba yake aingizwe, kwa kuwa naye ana tarehe: alizaliwa siku Waingereza walipokuja na meli yao Gwendolen wakaipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Hiyo ni 13 Agosti 1914. Vita vilikuwa vimeanza Ulaya na nahodha wa Kijerumani habari hana. "Huyo naye hakuhakiki," akasema mzee. Nikamweleza kwa adabu kwamba marehemu hawezi kuwa mwanachama. Sikumwambia kwamba isingekuwa 10#, Bash ingemkataa baba yake kwa Agosti kabla haijamkataa kwa kufa.

Kukubali nako kuna vituko vyake. Mwishoni programu inauliza: kilo 14, ni kweli? Ndiyo au hapana. Unadhani majibu ni mawili. Mpaka jana orodha yangu ya kukubali ilikuwa na ndiyo, ndio, ndyo, eeh, ehe, naam, haya, sawa, sawa tu na 1. Wiki hii nimeletewa "si nimeshasema." Hiyo siiweki.

Na msidhani kitanzi kina akili kwa kuwa kinafoka. Mtoto wa jirani alibonyeza Ctrl na D bila kuziachia, ambazo kwa amri ya read maana yake ni "maandishi yamekwisha, hakuna tena jibu." Kitanzi hakijali. Kikauliza, kikakosa jibu, kikaomba radhi, kikauliza tena, kwa kasi ambayo macho hayaioni. Kioo kizima "Samahani, naomba namba tu, Samahani, naomba namba tu," maneno yanapanda kama siafu. Mwenyekiti alisimama akatazama muda mrefu. "Inamwomba nani?" Tangu siku ile kila read yangu ina || exit pembeni: ukikosa cha kusoma, funga, toka nje.

Mhasibu alipendekeza tuifunge kwa yeyote anayekosea mara tatu, kama laini ya simu. Mhasibu hana mama mkwe kikundini.

Yote hayo ningeyavumilia kama tarakimu, zikishapatikana, zingekuwa za kweli. Tuliuliza saa ya kupokea mzigo. Nikaweka sharti safi: namba kati ya 0 na 23. Watu wakaandika 11, na 11 ikapita bila kupepesa. Ni saa kumi na moja alfajiri hiyo, mitumbwi ikirudi na taa zake, wakati kompyuta inaelewa kwamba jua limekaribia utosini. Kwa mujibu wa ripoti yetu ya robo mwaka, wavuvi wa Mbaha hulala mpaka saa tano ndipo wanaleta dagaa. Mgeni mmoja aliisoma akashauri tuwape semina ya kuamka mapema. Sharti linaweza kukagua kama jibu ni namba, lina urefu gani, liko ndani ya mipaka ipi. Kwamba limetoka kwa mtu anayehesabu saa toka jua linapochomoza au linapozama, hilo halikagui. Nimelifuta swali. Saa ya mashine ipo ndani ya mashine, amri ya date inaisoma, na sioni kwa nini tumsumbue mama mwenye ndoo kichwani kwa jambo ambalo kompyuta inalijua peke yake.

Nasikia chuo kinatuletea kijana mwingine mwaka huu. Karibu sana, mwanangu, usipa wapo na ugali wa muhogo upo. Ila usisahau alama za kunukuu kwenye "$kijiji", weka 10# kwenye miezi, na usitie saini ripoti yako ya mafunzo kabla mama mkwe wangu hajakaa mbele ya hiyo programu asubuhi nzima.