Hongera kwa Kupata Mtoto

Hongera, ndugu yetu wa Ohio, kwa kuokota kobe mng'ataji mchanga, gamba sentimita 3 tu, ukamweka sebuleni kwenye tangi la kioo. Taa ya joto umemwashia, chujio la maji umemfungia, minyoo unamlisha kwa mkono. Mkweo hajawahi kupokelewa hivyo. Ila akikua huweza kupita kilo 10 na kuishi zaidi ya miaka 30, na shingo yake humfikia hata anayedhani kamshika kwa nyuma. Tangu 1975 Marekani imezuia kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, sababu ya salmonela. Wewe hukununua, uliokota. Mjanja kweli! Basi nawa mikono, na tangi lisipomtosha tena, usimtupe kwenye bwawa la jirani: waulize watu wa wanyamapori.