Barua ya Wazi kwa Kamati za Shule: Pongezi za Darasa la Awali

Kwa: Kamati za Shule za Msingi, Tanzania Bara

YAH: USIMAMIZI WA DARASA LA AWALI

Darasa la awali ni lile linalopewa chumba baada ya madarasa mengine yote kupata. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliitangaza kuwa elimu ya lazima, lakini sera haigawi vyumba.

Kazi zimegawanywa vizuri. Wizara ya Elimu hutoa mtaala, TAMISEMI hupeleka walimu na fedha, na kamati ya shule, iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya 1978, husimamia kinachofanyika shuleni. Katibu wake, yaani mwalimu mkuu, humpangia awali mwalimu anayekaribia kustaafu, au aliyeripoti juzi na hana wa kumtetea. Kiwango ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa awali walipanda kutoka milioni 1 na ushei mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5. Kiwango hakikuguswa, waliobanana ni watoto, sakafuni.

Mtaala wa 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa kucheza, na darasa liwe na kona za ujifunzaji. Vifaa vipo. Vifuniko vya soda, vibunzi vya mahindi na saa ya boksi hufungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, watoto wasije wakavichezea. Hutolewa asubuhi wathibiti ubora wanapofika, na hurudi kabatini kabla vumbi la gari lao halijatulia. Siku nyingine zote watoto huimba a, e, i, o, u wakifuata fimbo ubaoni, pamoja na wale wa nyuma wasiouona ubao. Choo nacho kina tundu la kipimo cha darasa la saba, hivyo mtoto wa miaka 5 hujisaidia nyuma ya mwembe.

Chanzo hakifichiki. Darasa la saba lina mtihani wa taifa, na matokeo yakiwa mabaya mwalimu mkuu huitwa halmashauri. Awali haina mtihani (na isiwe nao, jamani), kwa hiyo hakuna anayeulizwa. Katika kikao cha kamati, awali huangukia kwenye “mengineyo”, saa ambayo wajumbe wameshaanza kuulizia posho. Miaka mitatu baadaye kamati hiyohiyo hushangaa mtoto wa darasa la tatu kushindwa kusoma sentensi moja, ikawaita wazazi wachangie masomo ya ziada.

Kamati inaombwa, kikao kijacho, kuiweka awali iwe ajenda ya kwanza mara baada ya kuthibitisha kumbukumbu, na kumkabidhi mwalimu wa darasa hilo ufunguo wa kabati.