Besi ya Jirani

Katika nyumba ya kupanga, besi haimfaidi anayeitengeneza. Inamfaidi, au inamkera, aliye upande wa pili wa ukuta. Nimemiksi nyimbo kwenye chumba kimoja cha Tabata, Dar es Salaam, muda wa kutosha kulisema hili bila kupepesa macho: anayeijua vizuri besi ya nyimbo zangu ni mama mwenye nyumba, na hajawahi kukanyaga studio yangu.

Studio, tuiite hivyo kwa heshima ya kazi, ni chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kitanda cha tano kwa sita, meza, kompyuta, na pazia linalomtenganisha prodyuza na sufuria zake. Fundi aliyekijenga alikuwa mtu wa haki, kuta zote nne alizipa urefu mmoja. Laiti angekuwa na upendeleo kidogo! Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Besi ya hezi 57, huko huko kiki na gitaa la besi vinakoishi, ina wimbi la urefu wa mita 6, yaani mara mbili ya chumba changu. Wimbi la hivyo likigonga ukuta hurudi na kupambana na linalokuja: ukutani linajaa, katikati ya chumba linajifuta. Chumba cha mstatili kinagawa ugomvi huu kwenye masafa mawili tofauti. Cha mraba kinaurundika wote sehemu moja. Na kiti changu kilikuwa wapi? Katikati, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na kitanda.

Basi usiku mmoja mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo dum dum ni mpaka saa ngapi?"

"Mama, mbona iko chini kabisa? Hata mimi mwenyewe siisikii."

"Mimi naisikia. Tena kuna moja inanigonga hapa kifuani, zingine zinapita tu."

Alikuwa amepima chumba kwa kifua. Wimbo ule ulichezwa kwenye A, na A ya chini ya besi ni hezi 55, jirani kabisa na ile 57 ya kuta zangu. Kitini kwangu noti hiyo ilikuwa ikifa, na mimi kila ikifa naipandisha. Ukutani kwake ilikuwa inafika na mizigo yake yote. Wiki ile ile mwenye wimbo akanipigia simu, sauti ya mtu aliyetoka kwenye ajali: "Kaka, nimeupiga kwenye gari la mjomba. Ule mdundo mmoja ulipoingia, kioo cha pembeni kikalala chenyewe."

Mjomba alilipwa kioo. Mama akatoa hukumu: muziki ruksa, ila usivuke mlango. Kwa tafsiri yake, hiyo ni sauti ambayo ukipiga chafya umeufunika wimbo mzima. Hapo nikaingia kwenye mikono ya Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, waliochapisha mwaka 1933 habari mbaya kwa kila mpangaji mwenye studio: sauti inaposhuka, sikio la binadamu huitupa besi kwanza. Kwa vipimo vya siku hizi, sauti ya kati ya hezi 1,000 ikiwa kwenye desibeli 40, ile ya hezi 50 inabidi ifike karibu 78 ndipo sikio likubali kuwa zimelingana. Redio nyingi za zamani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa Loudness kwa ajili hiyo hiyo. Usiku, watu wamelala, baba anakibonyeza na besi inarudi. Prodyuza haruhusiwi kukibonyeza. Akimiksi chini ataiona besi haitoshi, ataijaza, halafu Jumamosi wimbo unapigwa harusini kwa sauti kubwa na maharusi wanaomba kuhamishwa meza.

Spika nilizokuwa nazo wakati huo zilikuwa sabufa ya sebuleni na visaidizi vyake viwili, vifaa vilivyotengenezwa ili kukufurahisha. Nilihitaji monita. Monita nzuri ni shangazi kwenye kikao cha posa: anasema kilichopo, hata kama mgeni bado ana pilau mdomoni.

Nikaenda Kariakoo.

Sijui kama kuna mahali pagumu zaidi duniani pa kuchagulia spika za kusikilizia kwa sauti ya chini. Kulia kuna duka linapiga singeli, kushoto mtu na kipaza sauti chake anatangaza nguo za mitumba, na katikati mkokoteni unaomba njia kwa matusi. Muuzaji alinipokea kwa bashasha. "Bosi wangu, hii hapa inchi nane. Ukiiwasha, mtaa mzima unajua upo." Nikamwambia hicho hasa ndicho ninachokikimbia. Akanitazama kwa huruma, akawasha nyingine, akaiongeza sauti kidogo kuliko ya kwanza. Huo ni mchezo wa zamani na unafanya kazi kila siku, kwani kati ya spika mbili zinazofanana, ile iliyo juu kidogo sikio litaiapia kuwa ndiyo bora. Nikamwomba azilinganishe sauti kwanza. Akamwita mwenzake aje aone mteja wa ajabu.

Nilikuwa na sababu zangu za kutaka ndogo. Spika ya inchi 8 inashuka mpaka karibu hezi 40, na katika chumba cha mita 3 huko chini hakuna muziki, kuna kesi na wapangaji wenzako. Ya inchi 5 huanza kuchoka kwenye 50 na kitu, lakini inachotoa unaweza kukiamini. Tena historia iko upande wa wadogo. Yamaha NS-10, zile zenye uso mweupe, zilitoka mwaka 1978 kama spika za nyumbani, sebule hazikuzitaka, studio za dunia nzima zikazichukua. Besi yake ilikuwa haba, na trebo yake kali kiasi kwamba wahandisi walibandika karatasi ya chooni mbele ya twita. Zilitengenezwa mpaka mwaka 2001. Kama nyimbo kubwa za dunia zilimiksiwa kupitia karatasi ya chooni, nani anizuie mimi na inchi zangu tano?

Jambo moja sikuweza kulikagua pale dukani: ule mlio wa "shii" ambao spika nyingi za bei nafuu hutoa zikiwa zimewashwa bila muziki. Anayesikiliza kwa sauti kubwa haujui. Anayesikiliza chini, kiti kikiwa karibu mita moja tu na spika, ataishi nao. Kuukagua kunataka ukimya, na ukimya Kariakoo haujawahi kuingizwa sokoni.

Kuzipanga nyumbani kulichukua nafasi kubwa kuliko kuzinunua, maana kila sentimita niliyoipata niliinyang'anya kitanda. Spika ikikaa sentimita 80 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi kutoka ukutani inakuja kuifuta sauti yake yenyewe kwenye hezi 107 hivi, pale besi inapopatia mwili. Ukiisogeza hadi sentimita 15, shimo hilo linahamia juu, mahali ambapo spika inatupa sauti yake zaidi mbele na ukuta hauna la kusema. Ukuta utakuongezea besi kidogo, lakini monita nyingi zina swichi nyuma ya kuipunguza. Usiziingize kwenye kona tu, kwa sababu kona ni kuta mbili na sakafu, na zote zinakopesha besi bila kuulizwa. Kiti nacho kikaondoka katikati. Kanuni ya mafundi ni asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kwangu mita 1.14. Twita usawa wa masikio, wewe na spika mbili mkitengeneza pembetatu ya pande sawa. Hapo kitanda kikagusa mlango. Sasa mlango unafunguka nusu na wasanii wanaingia ubavu ubavu. Mpiga tumba mmoja wa taarab tunamrekodi akiwa koridoni.

Meza nayo ilikuwa inaimba pamoja na besi. Nikaweka vipande vya ndala chini ya spika, ikanyamaza. Aliyepiga kelele safari hii ni mpangaji wa chumba cha nne, aliyeamka alfajiri akitafuta ndala za bafuni.

Rafiki yangu mmoja akaniletea trei za mayai, akaapa zinazuia sauti. Trei ina unene wa sentimita chache. Wimbi la mita 6 halijui kama limekutana na kitu. Zinachopunguza ni mwangwi wa trebo, na zinachoongeza ni wateja. Siku ya pili tu akaja mtoto wa jirani na bakuli: "Shikamoo. Mama kasema umpe mayai mawili, atalipa kesho." Nikamwambia siuzi mayai. Akachungulia ukutani, akanitazama tena, akaenda kusema nina roho mbaya.

Kinachogusa besi ni unene, nami nikapata godoro kuukuu la sufi na kulisimamisha konani. Lilisaidia, si haba. Lakini mama mwenye nyumba, akipita dirishani, akaona godoro la pili. Hela ya maji tunachanga kwa kichwa. "Mwanangu," akaniambia kwa upole uliojaa hesabu, "mgeni wako atakaa muda gani?" Kumweleza kwamba ni la kunyonyea sauti kulichukua jioni nzima, na mwisho wa mwezi nikachangia vichwa viwili.

Sasa nina utaratibu. Kazi yote naifanya chini, nikiweka pembeni wimbo wa mtu mwingine ninaouamini, nao kwa sauti ile ile, niulinganishe besi kwa besi. Mchoro wa masafa kwenye kompyuta unanionyesha nisichokisikia. Saa tatu asubuhi mama akienda sokoni napandisha sauti, nasikiliza kiitikio, nashusha. Akirudi, wakati mwingine anapita na kapu lake na kutoa ripoti bila kuombwa: "Za jana zilikuwa zinalingana."

Jumamosi iliyopita chumba cha kushoto kimehamiwa na kijana mwenye sabufa ya inchi 12, na ameiweka kwenye kona, kwenye ukuta tunaochangia. Mama kanituma nikamwelekeze, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo hayo. Nimemwambia ukweli mtupu wa kisayansi: kile chumba ni mraba kama changu, na sabufa ikikaa katikati kabisa haitaziamsha kuta. Katikati kuna kitanda. Ameniambia atafikiria.