Pakua, Usicheze

Ami yangu, aliyetumika miaka mingi katika bandari ya Tanga kama karani wa shehena kabla ya kustaafu na kuuhamishia ukali wake wa hesabu nyumbani kwake Ngamiani, barabara ya 8, alinijia asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, simu yake kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba samaki wa juzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ufupi usio desturi yake, nikajua nina kesi.

"Mwanangu," alisema, "hayo mawaidha mliyoyatia katika mtandao wa msikiti, nikiyagusa yanaanza kusema. Mimi sitaki yaseme. Nataka niyachukue."

Haki ilikuwa yake. Hotuba moja ya dakika 45 ilikuwa na megabaiti 21 na ushei, na kila alipotamani kuisikia tena bando lake liliteketea tena, ilhali lau faili lingalikaa simuni mwake angalilisikiliza hata siku ambayo mtandao umekata. Na madhali mimi ndimi niliyejitolea kuitunza tovuti ile, bila ujira na, kama itakavyodhihirika, bila ujuzi, nilimwahidi kwamba kabla ya adhuhuri shauri lake litakuwa limekwisha.

Seva haitumi faili tupu. Hulitanguliza kwa hati, isiyoonekana na msomaji, yenye kukieleza kivinjari aina ya kitu kinachokuja na namna ya kukipokea, sawasawa na ile hati ambayo ami alikuwa akiisoma gatini mara mbili kabla ya kukubali robota moja la mkonge lipakiwe. Kivinjari kikiambiwa tu kwamba hii ni sauti, huicheza papo hapo. Bali hati ikitiwa mstari uitwao Content-Disposition, wenye neno attachment, kivinjari hushika adabu, kikapakua. Mstari huo asili yake ni barua pepe, na kanuni zake za huko ziliandikwa upya mwaka 1997. Vivinjari viliurithi, lakini kanuni yake mahsusi kwa upande wa wavuti, RFC 6266, haikutoka ila mwaka 2011. Wako wapitao njia ya mkato, wakaiambia seva idai kuwa faili la sauti ni application/octet-stream, yaani sanduku la baiti zisizojulikana aina yake. Njia hiyo mimi niliikataa, kwani kuyaita mawaidha ya sheikh mzigo usiojulikana ni uongo, na uongo juu ya hati ndio uliokuwa ukimkosesha ami usingizi miaka yote ile ya bandarini.

Basi nililifungua faili la .htaccess la seva yetu ya Apache, nikaandika mstari mmoja, na tovuti nzima ikafa kwa kosa la 500, kwa sababu moduli ya mod_headers, ambayo ndiyo ilifahamuyo neno nililoandika, ilikuwa haijawashwa. Nikaiwasha. Tovuti ikafufuka na maradhi mapya: amri yangu sikuifunga ndani ya FilesMatch ili iyahusu mafaili ya mp3 peke yake, ikaenea kwa kila kitu, hata muumini aliyekuja kutazama nyakati za sala hakuonyeshwa ukurasa, bali alikabidhiwa ukurasa wenyewe kama faili, auweke. Simu zililia. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza, kwa upole wenye kuumiza, kama Magharibi ya siku ile nayo sharti ipakuliwe kwanza.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimerekebisha. Laiti ningalikomea hapo! Lakini mafaili yetu yalikuwa na majina ya nambari tupu, na ghururi ikanishawishi niyape majina ya heshima katika mstari ule ule: Mawaidha ya Subira, Mawaidha ya Mirathi, Mawaidha ya Ndoa. Nilijaribu kwa kivinjari changu, jina likatoka kamili. Jina lenye nafasi ndani yake sharti lifungwe kwa alama za dondoo. Mimi sikulifunga, na Firefox, ambayo nilimwekea ami kwa mkono wangu mwenyewe huku nikijigamba, ililikata kila jina penye nafasi ya kwanza. Ami akapata alichokitaka, hotuba 14 simuni mwake, kila moja ikiitwa Mawaidha, zikitofautiana kwa nambari za mabano.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa harusi ya mjukuu wake. Kadhi alichelewa, na ami, asiyestahimili baraza lililokaa kimya, aliiunga simu yake na kipaza sauti ili watu wapate faida ya Mawaidha ya Ndoa. Sheikh alianza kwa hamdu na kumsalia Mtume, kama aanzavyo hotuba zake zote, na wazee wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Kisha, kwa sauti yake ile nzuri ya taratibu, akasema kwamba leo atabainisha eda ya mwanamke aliyefiwa na mumewe, nayo ni miezi minne na siku kumi. Bwana harusi, kanzu nyeupe na joho begani, aliirudisha halua sahanini. Upande wa kina mama kicheko kilianzia mbali, kikaja kama wimbi.

Alama za dondoo nilizitia usiku ule ule, na majina sasa hutoka kamili katika kila kivinjari nilichojaribu. Ami amekwisha kuyapakua yote upya. Lakini hata leo nikimwamkia shikamoo, kabla ya kuitika hunitazama kwanza juu ya miwani yake, akauliza, "Hii ni ya ndoa au ya eda?"