Doris na Keki Yangu

Mama, Baba na wadogo zangu, nyie mnaoulaumu upepo wa Mlima Hanang mwezi wa saba, njooni Bristol mwezi wa kwanza, mtarudi Balangdalalu kuuomba radhi.

Leo nina kesi ya kuku.

Jirani yangu ni bibi mmoja mwema, anafuga kuku watatu nyuma ya nyumba. Kila kuku ana jina. Yule mwekundu, mkorofi, ni Doris. Juzi bibi alinigawia mayai manne, na Jumamosi nikaoka keki. Pakiti ya unga iliandikwa ngano ya Kanada, nikawakumbuka Wakanada wa mashamba ya ngano ya Basotu ambao Baba hachoki kuwasimulia. Ngano haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la oveni: chini mkaa, juu uji. Nikala palipolika, makombo nikayatia bakulini, nikaenda uani kuwaita kuku kama Mama unavyowaita ukiwa na ukoko wa ugali.

Bibi akatoka mbio, mkono juu. "Usiwape! Sheria!"

Kumbe kweli. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia nchi hii, ukafuatiliwa hadi zizi moja la nguruwe huko Northumberland, walikolishwa makombo ambayo hayakuchemshwa ipasavyo. Wakauawa ng'ombe, kondoo na nguruwe zaidi ya milioni 6, wengi wao wazima kabisa, mizoga ikachomwa mashambani. (Mama, hapa usimsomee Baba kabla hajala. Yeye ng'ombe wake wakiugua ugonjwa huo huwauguza mpaka wapone, na anawajua mmoja mmoja.)

Tangu hapo ni marufuku kulisha mifugo kitu kilichopita jikoni, na Doris, hata akibembelezwa kama paka, ni mfugo. Sikilizeni maajabu: jani la kabichi likitoka bustanini moja kwa moja hadi kwa kuku, halali. Likiingia jikoni, likapumzika mezani dakika moja, haramu. Linaloachiwa ni jiko la watu wasiogusa kabisa nyama, samaki, maziwa wala mayai. Jiko langu Jumamosi lilikuwa na siagi na mayai manne ya Doris mwenyewe. Nilikuwa namrudishia mtu jasho lake, nikaambiwa ni kosa!

Wala msidhani tatizo ni ngano kuokwa. Mabaki ya viwanda vya mikate hugeuzwa chakula cha mifugo, kwa utaratibu na karatasi zake. Tatizo ni jiko langu tu.

Basi keki ikaishia kwenye kindoo cha mabaki ya chakula ambacho halmashauri hukipitia kila wiki. Mabaki hayo huozeshwa mtamboni yakatoa gesi, na gesi ikatoa umeme. Kwa hiyo keki ya mwanenu imewasha taa ya mtu asiyemjua, na Doris hajaonja hata punje. Amenuna. Na mimi nimenuna kidogo.

Bibi, kunituliza, alinikaribisha chai akanionyesha karatasi ya usajili wa kuku. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Uingereza hii, hata ukiwa na kuku mmoja lazima umwandikishe serikalini, ili mafua ya ndege yakizuka wajue pa kumpata. Yakizidi, kuku hufungiwa ndani kwa amri, majogoo kwa matetea.

Nami nikamwonyesha ile picha mliyonitumia, kuku wetu wamezunguka sufuria mlangoni mwa jiko na jogoo amesimama juu ya kinu. Akaitazama kimya muda mrefu. Kisha akauliza wako wangapi, na kama wote wameandikishwa.

Nimemjibu kwamba tunawahesabu jioni, wale watakaokuwa wamerudi.