Kuanika Mwarobaini na Kubaki na Majirani

Kwanza hakikisha mti ndio wenyewe. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, vijani vimejipanga huku na huku, kila kimoja kimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. Ukiona kikonyo kimejigawa vikonyo vingine kabla ya kufika kwenye vijani, huyo ni nduguye, Melia azedarach, mwenye matunda ya sumu. Kaa kivulini pake upumzike, lakini usichume.

Osha, kung'uta, tandaza kwenye ungo au mkeka, kivulini penye upepo. Kivulini, nasema, maana najua kuna mtu keshaegemeza ngazi apande kuanika juu ya bati. Azadiraktini, kemikali inayowafanya wadudu waache kula na washindwe kukua, huharibiwa na mwanga wa jua. Jani lililokauka sawasawa bado lina ukijani na likifikichwa hukatika kwa mlio. Likikunjika tu, lisubiri. Ukilifungia kwenye kopo litaota ukungu.

Kazi yake ya kwanza ni ghalani. Changanya majani na mahindi au kunde dhidi ya fukusi, kama walivyofanya bibi zetu. Majani hayana nguvu kama mbegu za mwarobaini, kwa hiyo nafaka ikauke kwanza. Mahindi yenye unyevu hayaokolewi na jani lolote duniani.

Jioni, choma machache kwenye chetezo nje barazani. Moshi husaidia kufukuza mbu, na wageni wasiojua kuaga. Chandarua kibaki kitandani palepale.

Kwa ngozi inayowasha, chemsha, chuja, acha maji yapoe, kisha oga. Ukipiga nyungu, sufuria ikae chini pasipotikisika na watoto wawe mbali: mvuke na maji ya moto vimeshaunguza wengi waliokuwa wanatafuta nafuu.

Sasa kikombe, na hapa utani unakaa pembeni. Wazee wamekunywa mwarobaini kwa homa vizazi na vizazi, nami nauheshimu urithi huo. Lakini homa ipimwe malaria kwanza, na ikionekana, dawa mseto imezwe mpaka dozi iishe. Mjamzito asinywe. Anayemeza dawa za kisukari amuulize daktari, kwani mwarobaini nao huweza kushusha sukari. Mafuta ya mbegu zake yasimwingie mtoto mdomoni hata tone: yamewahi kuwaletea watoto degedege, hata kifo.

Ukikutana stendi na muuzaji mwenye kipaza sauti ambaye unga wake unatibu jino, presha, kesi mahakamani na mume aliyehama, msalimie vizuri, shika pochi yako, endelea na safari. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga. Mwombe cheti chake. Mganga wa kweli hatakasirika, na wapo wengi wanaostahili heshima kuliko kelele za yule wa stendi.

Mwisho, andika jina na mwezi kwenye kopo. Unga wa mwarobaini na wa mlonge wote ni wa kijani, na mlonge ndio unaotiwa kwenye uji. Ukikosea kopo, hata sukari guru haitaunusuru huo uji.