Siku Yako Imefika

Juzi nimeondolewa msibani, na si kwa ulafi wala kwa kucheka wakati wa dua. Nimeondolewa kwa ajili ya tangazo la ukumbi wa harusi.

Ukumbi wenyewe uko Tabata, na mwenye ukumbi ni mama mmoja ambaye matangazo yake ya mtandaoni nayasimamia mimi. Mjomba wake alifariki. Mzee alikuwa amecheza mpira enzi zake, kwa hiyo tovuti moja ya habari ikamwandikia tanzia ya heshima. Siku ya pili ya matanga, huko Magomeni, wanaume tumekaa chini ya turubai, shemeji yake mama akatoa simu mfukoni. Ni mtu wa makamo, ndevu zimekolea hina. Miwani kaisahau nyumbani, akampa simu mwanawe wa darasa la sita: "Hebu tusomee kwa sauti, na wazee wasikie."

Mtoto yule anajua kusoma, mwalimu wake apewe hongera. Haruki kitu. "Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwezi uliopita," akasoma, "na hali yake ilibadilika ghafla alfajiri. Siku yako imefika! Tuachie sisi mipango yote. Lipa nusu mwezi huu, keki na mapambo bure. Atakumbukwa kwa ucheshi wake na…"

Tasbihi zikasimama. Mzee mmoja akauliza keki ya nani.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Bibi harusi anacheka, maputo ya dhahabu nyuma yake, na chini kabisa namba ya simu ya mama. Mama akaitwa kutoka upande wa wanawake. Akaja na khanga yake kichwani, akaitazama skrini, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa ndiye anayeyaweka."

"Kijana," akaniambia mzee wa tasbihi, "kwa nini umelibandika hapa?"

"Sikulibandika, mzee."

"Nani kalibandika?"

"Hakuna aliyelibandika."

"Limejibandika?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi libandue."

Sasa hapa lazima nikiri udhaifu wangu: kazi hii naipenda, na katika maisha sijawahi kupata watu wengi hivyo, wamekaa, hawana pa kwenda, na wanataka kujua inavyofanya kazi. Nikajiweka sawa kwenye mkeka.

Mzee hakukosea, nikawaambia, ila amechelewa kidogo. Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la Marekani liitwalo HotWired lilipoanza kuweka matangazo ya mabango, likiwemo la kampuni ya simu ya AT&T, tangazo lilibandikwa kweli. Ulinunua nafasi kwenye ukurasa, na kila aliyeufungua ukurasa huo alikuta tangazo lile lile. Ungetaka libanduliwe, ungempigia mtu simu. Leo nafasi hainunuliwi. Anayenunuliwa ni msomaji.

Wazee wakajivuta karibu. Nikawapeleka Feri. Mnaujua mnada wa samaki pale Feri, dalali anapaza sauti, wanunuzi wanapandishiana bei, na samaki huyu akishauzwa analetwa mwingine? Basi kila mtu anapofungua ukurasa, samaki ni jicho lake. Kabla picha hazijatulia kwenye skrini, ujumbe umeshaenda mnadani: kuna mtu yuko Dar es Salaam, ana simu ya aina fulani, anasoma habari, na kwa mujibu wa vidakuzi na alama nyingine alizoacha huko nyuma, anaelekea kupenda mambo haya na haya. Mitambo ya wanunuzi inampima, kila mmoja kwa hesabu yake, na kutaja bei. Anayeshinda ndiye tangazo lake linatokea. Mnada mzima, kuanzia dalali kuita mpaka samaki kubebwa, unakwisha kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Na jirani yako akifungua ukurasa huo huo, mnada unaanza upya, kwa ajili yake peke yake.

Walikuwa hawaamini, nikaomba kila mwenye simu janja afungue tanzia ile ile. Mmoja akakuta mikopo ya haraka. Mwingine sabuni ya unga. Mpwa wa marehemu, aliyekaa kwenye mkeka, akaonyeshwa mkeka wa kubashiri. Turubai zima likaguna kwa mshangao, nami nikaona heshima yangu inarudi.

"Sasa kwa nini kwa shemeji limetokea la harusi?" akauliza mzee wa tasbihi.

"Kwa sababu, mzee, tumelipia limfuate mtu ambaye siku hizi anatafuta mambo ya harusi. Kumbi, magauni, bei ya MC. Akishatafuta tu, mtambo unamkumbuka."

Kimya. Shemeji akaanza kutafuta kandambili zake. Mkewe alikuwa ameshafika na birika la kahawa, amesimama nyuma ya mama.

"Harusi ya nani?" akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Mtoto wao mkubwa ndiye huyo aliyekuwa akitusomea.

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikasema huenda si hivyo, mtambo nao hukisia, labda umeona tu ni mwanamume wa Dar es Salaam mwenye kipato kizuri.

"Mwenye nini?" akasema mkewe, akaliweka birika chini.

Mzee wa tasbihi alinishika bega kwa upole. "Tunashukuru umekuja, mwanangu. Mungu akulipe." Pilau ndiyo kwanza lilikuwa linapakuliwa. Harufu yake ilinifuata mpaka kituo cha daladala.

Mama alinipigia kesho yake. Ya shemeji hakuyagusa, alitaka kitu kimoja tu: aambiwe tangazo lake liko wapi. Nikampelekea ripoti. Watu wa fani hii tunaisoma ripoti ya maeneo huku tumefumba jicho moja, lakini mama aliisoma kwa macho yote mawili, mstari kwa mstari. Gemu ya kupaka kucha rangi. Programu ya tochi. Tovuti ya nyota za bahati. Tovuti ya mapishi kwa Kireno. Gemu nyingine, ya paka anayepika. "Anayecheza hii ana umri gani?" akauliza. Nikamwambia simu ni ya mzazi, ila kidole ni cha mwanawe wa miaka mitatu, na kidole hicho kikiteleza kwenye bibi harusi tunakatwa hela ya kubofya kama vile amebofya bwana harusi mwenyewe.

"Zizuie."

Naam, kuzuia kunawezekana. Kwenye mtambo kuna orodha ya maeneo yaliyozuiwa, unaandika jina la tovuti na tangazo halitakwenda tena huko. Tena, nasema, kwa sababu kulijua eneo mara nyingi mpaka litokee kwenye ripoti, na likitokea kwenye ripoti tumeshalipa. Unazuia gemu ya paka, kesho inakuja ya sungura.

Kuna pia kuzuia kwa maneno. Wakala mmoja aliniuzia orodha ya maneno mabaya, ndefu, ya kitaalamu, na yote ya Kiingereza. Neno la kifo limo, la ajali limo, la bunduki limo. Tanzia ya mjomba ilipita katikati yake kama imevaa kanzu nyeupe, maana hakukuwa na neno hata moja lililoitambua. Nikaketi kuandika ya kwetu. Nikaanza na "amefariki". Kumbe mwandishi alikuwa ameandika "ametangulia mbele ya haki". Nikaongeza. Mwenzake akaandika "amerejea kwa Mola wake", na gazeti la michezo likasema mzee "amepuliziwa filimbi ya mwisho". Sasa hapo nizuie filimbi?

Na ukizuia sana unawaua kwa njaa walio wema. Mwaka 2020 watangazaji wengi duniani walilizuia neno la korona, na magazeti yaliyokuwa yakieleza watu namna ya kujikinga yakakosa matangazo kwa sababu ya kueleza hivyo.

Hapo ndipo ucheshi unaponiishia. Tovuti ile ilimtuma mtu Magomeni. Alikuja kwa daladala, akauliza majina kwa adabu, akayaandika sawasawa, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Hela ya mama ikilipwa ili tangazo likae kwenye kazi yake, nani anaipata? Uingereza, chama cha watangazaji cha ISBA kiliwapa PwC kazi ya kuifuatilia fedha hiyo, na mwaka 2020 wakatoa matokeo: katika kila pauni 100 za mtangazaji, wenye tovuti walipata 51. Nyingine zilibaki kwa madalali njiani. Na pauni 15 hazikuonekana zimekwenda wapi. Hao ni wakaguzi wa mahesabu, na walikuwa wanafuatilia makampuni makubwa. Msibani kwetu ikipungua asilimia 15 ya rambirambi, hakuna atakayelala usiku huo na mweka hazina atakula kiapo. Huku inaitwa tofauti isiyojulikana, na maisha yanaendelea.

Mwaka 2017 gazeti la Financial Times liligundua kwamba kwenye minada mingi watu walikuwa wakiuza matangazo kwa jina la tovuti yake bila yenyewe kuwa na habari, bidhaa hewa waliyoikadiria kufikia pauni milioni moja kwa mwezi. Mwaka huo huo ukaja utaratibu wa kila tovuti kuweka hadharani faili dogo liitwalo ads.txt, linaloorodhesha nani ana ruhusa ya kuiuzia. Wazo zuri mno, na ni la kijiji: ubao mlangoni unaosema madalali wangu ni hawa. Linanifurahisha na kunikasirisha kwa pamoja, maana biashara ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini ndipo mtu akakumbuka kuuliza.

Mikasa mingine ni midogo. Chuo cha udereva kilijikuta chini ya picha ya lori lililolala mtaroni. Muuza pampu za maji alitokea kwenye habari ya mafuriko ya Jangwani, akaishiwa mzigo, na ndiye mteja pekee aliyewahi kunitumia asante.

Mama ameamua arudi kwenye redio. Nimebaki na fundi sofa wa Keko, na huyu nilitaka nianze naye vizuri, kwa orodha ya tovuti zinazoruhusiwa tu. Ili kumpa moyo nikamsimulia ya JPMorgan Chase, benki kubwa ya Marekani, ambayo mwaka 2017 matangazo yake yalikuwa yakitokea kwenye tovuti zipatazo 400,000 kwa mwezi. Walipochunguza wakakuta ni 12,000 tu ambazo watu walifanya chochote zaidi ya kupitiwa na tangazo. Wakamweka mwanafunzi wa mafunzo ya kazi azifungue zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Zikabaki kama 5,000. Na matokeo ya matangazo hayakubadilika sana.

Fundi alikuwa anavuta kitambaa kwenye mkono wa kochi, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Kwa hiyo hizo nyingine laki tatu na tisini na tano elfu zilikuwa zinalipwa kwa kazi gani?"

Nikamwambia hakuna kazi iliyojulikana.

"Na wewe?"

Nikamwambia ankara nitaileta Ijumaa.